Tahadhari isiyoeleweka ni hatari ya pili: Funzo la mahindi ya Sotik

KATIKA kituo cha kununulia majani chai karibu na kwetu Sotik, hakuna anayehitaji kufafanuliwa ujumbe wa bonasi. Karani akibandika karatasi yenye kilo na shilingi, hata nyanya ambaye hakuwahi kukanyaga darasa atasomewa na mjukuu wake, na kabla hajafika nyumbani atakuwa amejua ni mabati mangapi yatanunuliwa na ni deni gani la duka litalipwa. Lakini mwishoni mwa 2012 karatasi nyingine ilibandikwa kwenye ukuta uo huo. Ilikaa pale hadi mvua ikaufuta wino, na sikumwona mtu hata mmoja aliyeondoka akijua la kufanya.

Karatasi hiyo ilihusu ugonjwa wa mahindi. Naifahamu vizuri kwa sababu maneno yake ya Kiswahili niliyatafsiri mimi.

Leo nataka kuihakiki karatasi hiyo jinsi tunavyohakiki shairi au riwaya katika ukumbi huu. Tumezoea kudhani kwamba uhakiki ni wa kazi za sanaa tu, na kwamba matangazo ya serikali, ilani za utabiri wa hali ya hewa na maagizo ya Wizara ya Afya si maandishi ya kutiwa kwenye mizani. Nadhani tunakosea. Riwaya ikiwa mbovu, msomaji huifunga akalala. Tangazo la janga likiwa bovu, kuna mtu atalala njaa, au atalala mahali ambapo mto utampata usiku.

Tuanze na janga lenyewe. Mnamo Septemba 2011 wakulima wa Longisa, katika Kaunti ya Bomet, waliona mahindi yao yakibadilika kwa namna wasiyoijua. Majani machanga yaliingia madoadoa ya manjano, kingo zikakauka kuelekea ndani, mimea michanga ikafa kuanzia kwenye kiini. Yale yaliyokuwa yamekomaa kidogo yaliwadanganya zaidi: maganda ya gunzi yalikauka mapema, mkulima akafurahi kwamba mwaka huu mahindi yamewahi, kisha akimenya anakuta punje chache zilizonyauka au gunzi tupu. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeenea Bomet nzima, Sotik ikiwemo, ukavuka hadi maeneo mengine ya Bonde la Ufa. Mwaka huo huo wa 2012 uliripotiwa Tanzania na Uganda, kisha ukafika Rwanda na Kongo mnamo 2013, na Ethiopia mnamo 2014.

Wanasayansi walichukua miezi kadhaa kuubaini. Hawakuulizwa jambo jepesi. Ugonjwa huu hautokani na kirusi kimoja bali viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja, kila kimoja kikiwa na wadudu wake wa kukisambaza, wakiwemo vidukari. Nchini Marekani ulikuwa umejulikana tangu 1976, katika jimbo la Kansas, lakini huku kwetu ulikuwa mgeni kabisa. Mgala muue na haki yake umpe: watafiti wa humu nchini na wenzao wa kimataifa walifanya kazi kubwa, na kufikia Septemba 2013 kituo maalumu cha kuchunguza mbegu zinazoweza kuustahimili kilikuwa kimefunguliwa Naivasha. Kasoro ninayoisema haikuwa ya maabara. Ilikuwa ya ulimi.

Kasoro ya kwanza ni ya jina. Kwa Kiingereza ugonjwa ulipewa jina refu la kitaalamu, kisha jina hilo likafupishwa kuwa herufi tatu. Redioni, barazani na magazetini tukawa tunasikia herufi hizo tatu zikitamkwa Kizungu katikati ya sentensi ya Kiswahili, kana kwamba ni jina la chama cha siasa. Wakulima wa Bomet hawakungoja. Wao wenyewe waliubatiza jina la Kikipsigis: koroito, yaani tauni. Tazama uzito wa jina hilo. Neno moja linakuambia kwamba kitu hiki huambukiza, huua kwa wingi, na hakichagui boma. Mtu akisikia kwamba tauni imeingia shamba la jirani, hahitaji mhadhara ili ashtuke.

Mimi niliposhikishwa ile karatasi na afisa mmoja niliyesoma naye, nilikuwa na nafasi ya kuandika “tauni ya mahindi”. Sikuiandika. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nikiwa na hamu ya kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Nikaunda istilahi: “nekrosi angamizi ya mahindi”. Niliipenda. Niliisoma kwa sauti mara mbili tatu nikiwa peke yangu. Kwa vigezo vya darasani ilikuwa istilahi nzuri, fupi, yenye ulinganifu na istilahi ya kimataifa. Kwa vigezo vya ukuta wa kituo cha majani chai ilikuwa sawa na kutoandika kitu.

Sentensi kuu ya karatasi ilisema hivi: “Wakulima wote wanashauriwa kuzingatia mzunguko wa mazao na kuchukua hatua mwafaka za kudhibiti nekrosi angamizi ya mahindi.” Naomba msomaji aisome tena polepole. Sarufi yake ni safi. Mwalimu wa Insha angeipa alama zote. Sasa jiulize: baada ya kuisoma, mkulima ashike jembe au ashike panga? Aende shambani au arudi nyumbani?

Kasoro ya pili, basi, imo kwenye kitenzi. “Wanashauriwa” ni kauli ya kutendwa, na katika Kiswahili kauli hiyo inaruhusu mtenda kutoweka kabisa. Wanashauriwa na nani? Lini? Akitaka kuuliza swali amwendee nani? Taasisi zetu zinaipenda mno kauli hii. Uchunguzi umeanzishwa. Hatua zinachukuliwa. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu. Waathiriwa watasaidiwa. Katika sentensi hizi zote kuna kazi lakini hakuna mfanyakazi, na kazi isiyo na mwenyewe hata sisi wa mashambani tunajua mwisho wake. Inapofika siku ya kuulizana, kila ofisi itasema kweli tupu kwamba haikuahidi kitu.

Kiswahili kina njia nyingine. Kina dhamira ya kuamuru: ng'oa, choma, hama. Kina dhamira tegemezi yenye adabu zaidi: ung'oe, msipande, tuhame. Najua wapo watakaosema kwamba ni utovu wa heshima ofisi kumwamuru mzee wa watu. Sikubali. Chifu katika baraza huanza na “wazazi wangu” kisha anasema “msivuke mto huu leo”, na hakuna mzee anayeondoka amekasirika. Adabu yetu imo katika namna ya kumwita mtu na katika sauti. Haimo katika kumficha anachopaswa kufanya.

Mwanafalsafa wa lugha Paul Grice, katika makala yake iliyochapishwa 1975, alieleza kwamba watu wanaozungumza hutegemeana katika mambo manne: mzungumzaji aseme kiasi kinachotosha, aseme lililo kweli, aseme linalohusika, na aseme kwa uwazi bila utata. Grice alikuwa anazungumzia maongezi ya kawaida, lakini kanuni zake ni mizani nzuri ya kupimia tangazo la janga. Karatasi yangu ilifaulu kwa ukweli. Ilianguka kwa kiasi, maana haikutaja hata dalili moja ya ugonjwa. Ilianguka kwa uhusiano, maana ilitumia aya nzima kueleza virusi viwili ambavyo mkulima hawezi kuviona. Na kwa uwazi ilianguka vibaya zaidi, kama nilivyokuja kujua jikoni kwa mama yangu.

Mama hakuwa amepuuza karatasi. Yeye ni mtu wa kusomewa kila kitu, hata gazeti lililofungiwa sukari. Alikuwa amemwomba mjukuu amsomee neno kwa neno, na kwa kuwa alijua ni kijana wake aliyeyaandika, aliyatii. Msimu wa 2013 alipanda mahindi tena katika shamba lile lile lililokuwa limeungua mwaka uliotangulia. Yakafa yote. Nilipofika nyumbani nilimuuliza, kwa hasira kidogo, kwa nini hakufuata ushauri.

“Si nilifuata?” akasema. “Mlisema mzunguko. Sasa mzunguko ni nini, mwalimu? Si ni kuzunguka unarudi pale ulikuwa?”

Sikuwa na jibu. Kamusi ilikuwa upande wake. Mzunguko wa damu hurudi moyoni, mzunguko wa mwezi hurudi mwanzo, na mahali magari yanapozungukia barabarani dereva asiyejua njia anaweza kujikuta alikotoka. Mtaalamu wa kilimo akisema “mzunguko wa mazao” anamaanisha kubadilisha: ukivuna mahindi hapa, msimu ujao uweke viazi au maharagwe, ili ugonjwa ukose pa kuishi. Mama alisikia kinyume chake kabisa, na alisikia sawasawa. Neno “badilisha” lilikuwepo. Linaeleweka Sotik, Mombasa na Kigoma. Sikulitumia kwa sababu halikuonekana la kitaalamu.

Mwaka ule tulinunua unga kuanzia Agosti. Pesa za bonasi zilizokuwa za mabati zikaenda kwenye debe za mahindi kutoka nje. Mama hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linalonisumbua. Yeye anaamini kosa lilikuwa lake la kutosoma.

Kasoro ya tatu ni ya lugha ipi itumike, na hapa Sotik ni darasa zuri kwa nchi nzima. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinaitaka serikali ichapishe na kutangaza habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Ukivisoma vifungu hivyo viwili pamoja, tangazo la janga linalotoka kwa Kiingereza peke yake, au kwa Kiingereza asubuhi na Kiswahili baada ya siku tatu, linampunja mwananchi haki yake.

Wapo wanaosema kwamba Sotik ni ya Wakipsigis, kwa hiyo Kikipsigis kingetosha. Kinahitajika, na redio za Kikalenjin kama Kass FM na Chamgei FM hufika jikoni ambako gazeti halifiki. Lakini nenda Chebilat siku ya soko. Pale mpaka wa Bomet na Nyamira unapita katikati ya biashara za watu. Mama wa Kigusii analeta ndizi, wa Kikipsigis analeta maziwa na mahindi, na wanaelewana kwa Kiswahili cha kununuliana. Ni mpaka uliochomeka mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi, na waliokuwepo wanakumbuka jinsi uvumi ulivyokwenda mbio, kila upande kwa lugha yake, kukiwa hakuna sauti moja ambayo pande zote mbili zingeisikia na kuiamini. Wadudu wa mahindi pia hawakuuliza mpaka. Karatasi ya Kikipsigis upande huu na ya Ekegusii upande ule zinafaa. Lakini inapotakiwa majirani wawili wakubaliane wote wasipande mahindi msimu mmoja, lugha ya makubaliano hayo ni Kiswahili, tena kile cha sokoni.

Kasoro ya nne si ya mtafsiri. Ni ya wakubwa kusema kauli mbili. Mwaka 2023 Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitangaza kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba zingekuwa za El Niño. Oktoba Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba hakutakuwa na ile El Niño ya kuleta uharibifu iliyokuwa ikiogopwa, bali mvua nyingi. Kufikia mwisho wa mwaka mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini na kuwahamisha maelfu kwa maelfu.

Wengi wamelijadili jambo hili kisiasa. Mimi naliona kama suala la semantiki. Kwa mtaalamu, El Niño ni hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, nayo huongeza uwezekano wa mvua kubwa huku kwetu. Kwa Mkenya wa kijijini, “elinino” ni kumbukumbu. Ni 1997 na mapema 1998, barabara zilipokatika na madaraja yakachukuliwa. Watu wengine huhesabu umri wa watoto wao kwa mvua ile. Kwa hiyo kiongozi akisema kwamba hakuna El Niño kali bali mvua nyingi, huenda mtaalamu akaona hapo suala la kiwango tu. Mwananchi amesikia jambo moja: ya 1997 hayaji, kaa ulipo. Neno moja lilikuwa na maana mbili, na hakuna aliyejishughulisha kuuliza ni maana ipi iliyo kichwani mwa msikilizaji.

Hata ukweli wenyewe unaweza kubadilika, na hilo si dhambi. Maji yalipoikumba Mai Mahiu alfajiri ya Aprili 29, 2024, na kuua watu kadhaa, habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka Old Kijabe. Baadaye serikali ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamezibwa kwenye njia ya chini ya reli hadi yakafumuka. Kusahihisha ni wajibu. Lakini sahihisho lapasa kutamka wazi: tulisema hivi, tulikosea, sasa tunajua hivi. Taasisi zetu hupenda kusahihisha kimyakimya, kauli mpya ikiwekwa juu ya ile ya zamani kama rangi juu ya kutu. Msikilizaji anabaki na kauli mbili na hajui aishike ipi.

Je, kuna mfano mwema? Upo, na tuutaje ili uhakiki usiwe wa kubomoa tu. Machi 2020, baada ya kisa cha kwanza cha korona nchini kutangazwa tarehe 13, serikali iliweka kafyu iliyoanza tarehe 27: kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Sikukutana na mtu Sotik ambaye hakujua saa hizo. Ujumbe ulikuwa na mwanzo, mwisho, na kitendo kimoja. Vivyo hivyo “osha mikono, vaa barakoa, usikaribiane”. Vitenzi vitatu, vyote vya kuamuru. Barakoa lilikuwa neno ambalo wengi hatukuwa tukilitumia, lakini lilikuja likiwa limeshikana na kitu chenyewe. Ulikiona, ukakivaa, ukajua jina lake. Mbele ya kila duka kulikuwa na kibuyu chirizi, na watoto walikuwa wakikipiga teke wapate maji hata pasipokuwa na haja.

Lakini hata hapo tusisifu kupita kiasi. Siku ya kwanza ya kafyu, watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni warudi makwao walikutana na gesi ya kutoa machozi. Ujumbe ulikuwa umesema saa. Haukuwa umesema mtu aliyenaswa njiani afanye nini. Tangazo zuri humfikiria hata yule atakayechelewa.

Mfano mwingine u jirani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupanga ilani zake kwa ngazi zenye majina tofauti: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, taarifa zilitoka mfululizo zikieleza kilipo na umbali wake kutoka pwani, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Huku kwetu neno “tahadhari” tumelichosha. Tunalitumia kwa mafuriko, kwa matapeli wa simu, kwa sakafu iliyopigwa deki. Neno linalosema kila kitu halimshtui mtu. Kuwa na maneno matatu yaliyopangwa kwa uzito, na kuyashikilia mwaka baada ya mwaka hadi mtoto ayajue, ni kazi ambayo wanaisimu wetu na wataalamu wa hali ya hewa wangeweza kuifanya kwa wiki moja wakikaa meza moja.

Nimesikia pingamizi mbili kila ninapolizungumza suala hili. Ya kwanza ni kwamba lugha nyepesi hupotosha sayansi. Hupotosha ikiwa mwandishi hajaielewa sayansi hiyo. Aliyeielewa anaweza kusema “usipande mahindi mahali palipokuwa na mahindi” bila kumkosea mtafiti yeyote wa Naivasha. Ya pili ni kwamba ukweli mwingi huzua taharuki. Lakini watu wa Bomet walikuwa wameshauita ugonjwa tauni kabla ya ofisi yoyote kuupa jina. Taharuki ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni la kufanya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye kuyasema kwa mafumbo naye hayuko mbali na mficha.

Ningependa pia taasisi zijifunze kusema “hatujui bado”. Kati ya Septemba 2011 na siku ugonjwa ulipotambuliwa, ofisi nyingi zilinyamaza zikingoja uhakika. Ungeweza kusemwa ujumbe wa namna hii: hatujui ni ugonjwa gani, tunauchunguza, tutarudi kwenu Jumatatu ya wiki ijayo, kwa sasa ng'oa mhindi unaougua, na mbegu usitoe kwenye shamba hilo. Hakuna aibu katika kauli hiyo. Mkulima mwenyewe huishi na mambo asiyoyajua kila msimu.

Mwaka jana nilimpelekea mama karatasi mpya. Haikuwa ya ofisi yoyote. Niliiandika mwenyewe upya kama zoezi, miaka kumi na zaidi baada ya kuchelewa, nikamwomba aihakiki. Ilisema:

“Tauni ya mahindi imeingia Sotik. Ukiona majani machanga yana madoadoa ya manjano, au maganda ya gunzi yamekauka kabla ya wakati, ni hiyo. Ng'oa mhindi huo leo. Punje zilizooza usile. Msimu ujao usipande mahindi hapo: badilisha, panda viazi au maharagwe. Mwambie na jirani afanye hivyo, kwa sababu wadudu huvuka ua. Una swali? Muulize afisa wa kilimo, siku ya baraza, kwa chifu.”

Mjukuu alisoma, yeye akasikiliza mkono ukiwa shavuni. Kisha akauliza maswali mawili. “Ng'ombe anaweza kula hiyo nimeng'oa?” Na la pili: “Hiyo mbegu ya viazi nitatoa wapi, na pesa nimemaliza kwa mbolea?”

La kwanza nilikuwa nimelisahau, ingawa kila boma la Sotik lina ng'ombe wa maziwa na mabua ndiyo chakula chake. Jibu lipo: mabua mabichi wapewe, gunzi zilizoota ukungu hapana. La pili si la lugha. Hakuna sentensi, hata ingekuwa nzuri namna gani, itakayompa mama viazi vya mbegu, na taasisi inayomwambia mtu “badilisha” bila kumwonyesha cha kubadilishia imemaliza nusu ya kazi. Lakini angalau safari hii aliuliza swali sahihi, na aliliuliza kabla ya kupanda.

Nawaomba wenye ofisi jambo moja dogo. Kabla karatasi haijaenda kwa mpiga chapa, kabla ujumbe haujatumwa kwenye simu za watu, ipeleke kwenye kituo cha majani chai jioni, wakati foleni ya mizani ni ndefu na watu hawana haraka. Msomee mama mmoja. Usimuulize kama ameelewa, maana kwa heshima atakujibu ndiyo. Muulize kesho asubuhi atafanya nini.